Kisumu hadi London: Ipi Njia Fupi, Ipi Njia ya Haraka?

Mama yangu alipoonyeshwa kwenye simu njia atakayopita kwenda kumwona mjukuu wake London, aliuliza swali ambalo sidhani wakala yeyote wa tiketi ameshawahi kuulizwa: "Mwanangu, mbona ndege inaanza kwa kurudi nyuma?" Hakukosea. London iko kaskazini-magharibi mwa Kisumu, ilhali hatua ya kwanza ya safari, kwa karibu kila abiria wa huku kwetu, ni kuelekea kusini-mashariki hadi Nairobi. Ukipima njia fupi kabisa juu ya mviringo wa dunia, Kisumu hadi kiwanja cha Heathrow ni takriban kilomita 6,610, na Nairobi hadi Heathrow ni takriban kilomita 6,840. Maana yake ni kwamba sisi wa ziwani tuko karibu na London kuliko walivyo watu wa Nairobi, kwa zaidi ya kilomita 200, lakini kwa kuwa hatuna ndege ya kwenda huko moja kwa moja, inatubidi tuongeze kilomita 280 za kufika Nairobi, na jumla inakuwa takriban 7,120.

Haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1931 shirika la Imperial Airways lilipofungua njia ya kutoka London kuja Afrika Mashariki, Kisumu ilikuwa mojawapo ya vituo vyake, na ndege zenye matumbo kama ya mashua zilikuwa zikitua juu ya maji ya ziwa. Safari yenyewe ilichukua siku kadhaa, kwa vituo vingi na kulala njiani, kwa hiyo simwonei wivu aliyeipanda. Nalitaja jambo hili kwa sababu wapo wanaodhani kwamba Kisumu imekuwa pembeni mwa ramani ya anga tangu mwanzo.

Ulinganisho huu nauandika kwa ajili ya mtu wa Kisumu, Siaya, Kakamega, Vihiga au Kericho anayetakiwa kuchagua kati ya tiketi tano au sita zilizopangwa kwenye skrini, kila moja ikiwa na saa zake na bei yake. Nimewasaidia watu wawili wa nyumbani kufanya uchaguzi huo, mama yangu na mpwa wangu aliyekuwa akienda kusoma, na wote wawili walichagua njia tofauti kwa sababu nzuri.

Kilomita za kwenye ramani na kilomita za angani

Ramani bapa iliyobandikwa ukutani hupotosha umbali, hasa kadiri unavyokwenda kaskazini. Mpwa wangu alipokataa kuamini hesabu zangu, tuliazima tufe la dunia kutoka kwa jirani ambaye ni mwalimu wa jiografia, tukachukua uzi wa cherehani, ncha moja tukaishika pale Ghuba ya Winam inapoingia nchi kavu na nyingine tukaivuta hadi kusini mwa Uingereza. Uzi ulipokaza, ulilala juu ya Sudan Kusini na Sudan, ukaikata Mediterania na kupanda juu ya Ulaya. Tuliposogeza uzi huohuo upitie Doha kwanza, ulipungukiwa kabla ya kufika Uingereza, kwa kipande cha karibu upana wa vidole viwili. Kipande hicho ni kama kilomita 1,980 za ziada kwa anayepimia Kisumu; ukipimia Nairobi, abiria wa njia ya Ghuba (yaani ya miji ya Waarabu kama Doha na Dubai, si ghuba yetu ya Winam) husafiri ziada ya kilomita 1,750.

Hata hivyo, uzi hauna habari za vita. Tangu mapigano yalipozuka Sudan mwezi wa Aprili 2023, anga ya nchi hiyo imekuwa haipitiki kwa ndege za abiria za kimataifa kama zamani, na anga ya Libya nayo mashirika mengi huikwepa. Ndege inayotoka Nairobi kwenda London hulazimika kuzunguka, na kilomita inazoruka huwa nyingi kuliko 6,840 zilizoandikwa kwenye vikokotoo vya umbali. Jambo hili linaigusa pia njia ya Addis Ababa, kwa sababu nayo ina Sudan mbele yake. Ndiyo maana namshauri mtu asitumie umbali peke yake kukadiria saa. Ndege kubwa ikiwa juu huruka kwa mwendo wa kilomita 900 hivi kwa saa, lakini ukigawanya kilomita 6,840 kwa saa tisa ambazo tiketi huonyesha, unapata 760 tu. Tofauti hiyo imeliwa na mzunguko, na kutambaa ardhini kabla ya kupaa, na kupanda polepole, na mwishowe na zile duara ambazo ndege huzipiga juu ya viunga vya London zikisubiri zamu ya kutua. Heathrow ina vikomo vya ndege za usiku kati ya saa tano na nusu usiku na saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo ndege ikiwahi mno inaweza kuzungushwa angani huku abiria wakiitazama London kwa chini, wamevaa makoti tayari.

Ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi

Kenya Airways na British Airways ndizo zinazoruka kati ya Nairobi na Heathrow bila kituo. Safari ya kwenda huchukua karibu saa tisa, na ya kurudi hupungua kidogo, mara nyingi kwa dakika ishirini au thelathini. Sababu kubwa ni upepo. Katika anga za juu za Ulaya upepo huvuma zaidi kutoka magharibi kwenda mashariki, na kwa kuwa njia ya Nairobi inaelekea kaskazini zaidi kuliko magharibi, upepo huo huisumbua kiasi tu. Njia ya Doha hadi London, ambayo inakwenda magharibi waziwazi, huathirika zaidi, na ndiyo maana safari ya kutoka Doha hukaribia saa saba ilhali ya kurudi Doha ni kama saa sita na nusu.

Kwa abiria wa Kisumu, hesabu ya mlango kwa mlango ni kama ifuatavyo. Utoke nyumbani saa moja na nusu kabla ya ndege ya ndani, uruke kwa dakika 50 hivi, ukae Nairobi saa nne, uruke saa tisa, kisha Heathrow uhesabu karibu saa mbili za uhamiaji, mizigo na kumtafuta aliyekuja kukupokea. Jumla ni takriban saa 17. Sijui njia nyingine inayoshinda hesabu hii kwa mtu anayetokea Kisumu yenyewe.

Kenya Airways ina faida ambayo kwa maoni yangu haipewi uzito unaostahili: inaweza kukuuzia Kisumu hadi London katika tiketi moja. Begi linapimwa pale kwenye kiwanja chetu kando ya barabara ya Busia, linafungwa karatasi ya herufi LHR, na hulioni tena hadi Heathrow. Isitoshe, ndege ya Kisumu ikichelewa ukakosa ya London, ni jukumu la shirika kukutafutia nafasi nyingine. Tazama karatasi hiyo kabla begi halijaondoka kwenye mizani. Ikiwa imeandikwa NBO, begi lako linaishia Nairobi, na itakubidi ulichukue na kulikokota hadi jengo la kimataifa.

Addis, Istanbul na Amsterdam

Kwa umbali, njia ya Addis Ababa ndiyo inayoshangaza watu. Nairobi hadi Addis ni kilomita 1,160, Addis hadi Heathrow ni takriban 5,920, na jumla ya 7,080 inazidi njia ya moja kwa moja kwa kilomita 240 tu. Sababu ni kwamba Addis iko karibu kaskazini kabisa mwa Nairobi, kwa hiyo kituo hicho hakikutoi sana njiani. Saa za angani ni mbili za kwanza na karibu nane za pili. Kinachoamua ni muda wa kusubiri: kama ni saa mbili, njia hii ni ya pili kwa haraka, na kama ni saa tisa, bora ungepita Ghuba ukapata mahali pazuri pa kukaa. Mkumbushe msafiri achukue sweta kwenye begi la mkononi, kwa sababu kiwanja cha Addis kiko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyezoea joto la Kisumu huko usiku hutetemeka.

Istanbul ni kilomita 4,810 kutoka Nairobi na 2,490 kutoka London, jumla 7,300. Saa za angani ni kama kumi na moja, zikigawanyika saba na nne. Mgawanyo huo unawafaa wale ambao miguu yao huvimba, kwa kuwa kukaa kitini kwa zaidi ya saa nne mfululizo huongeza hatari ya damu kuganda miguuni, na kituo kinachokulazimisha kutembea si hasara kwa kila mtu. Ila kiwanja cha Istanbul ni kikubwa mno, na mwendo kati ya mlango mmoja na mwingine unaweza kumchosha mzee kuliko safari yenyewe.

Amsterdam sitaikalia sana. Kwa ramani ni nzuri, kilomita 7,050 kwa jumla, lakini unaruka saa nane na nusu na zaidi, unashuka, unasubiri, halafu unapanda tena kwa saa moja na kitu ili umalizie kilomita 370. Nimemwona mtu mmoja tu aliyeipenda, naye alikuwa na ndugu wa kumtembelea Uholanzi na viza ya kuingia huko.

Ghuba: Doha na Dubai

Kupitia Doha ni kilomita 3,350 kisha 5,240, jumla 8,590. Kupitia Dubai ni kilomita 3,560 kisha 5,500, jumla 9,060. Ya kwanza inazidi njia ya moja kwa moja kwa robo nzima, ya pili kwa karibu theluthi. Saa za angani pekee ni zaidi ya kumi na mbili, na ukiongeza kusubiri kwa saa tatu, mtu wa Kisumu anafika akiwa amemaliza takriban saa 23 tangu alipofunga mlango wa nyumba.

Kwa nini basi vijana wetu wengi hupita huko? Kwa sababu ya bei, na kwa sababu ya mizigo. Mashirika ya Ghuba yana ndege nyingi za kwenda London kwa siku, na mara kwa mara huwapa wanafunzi nafasi ya begi la ziada. Anayehama kwenda kusoma kwa miaka mitatu ana blanketi, vitabu, sufuria ya ugali na unga wa kumtosha wiki za kwanza (nyama na maziwa aziache, mursik ikiwamo, kwa sababu haziruhusiwi kuingia Uingereza kutoka Kenya). Kwa mtu kama huyo, saa sita za ziada si kitu, mradi begi la pili halitozwi.

Njia ya kupima kama nafuu hiyo inafaa ni rahisi. Chukua tofauti ya bei, igawanye kwa saa za ziada. Tuseme tiketi ya Ghuba imepungua kwa shilingi 18,000 na inakuchelewesha kwa saa sita. Umeuza kila saa yako kwa shilingi 3,000, na wengi wetu tungeiuza kwa furaha. Tuseme imepungua kwa shilingi 6,000 na kusubiri ni saa kumi na mbili. Hapo umeuza saa yako kwa bei ya sahani ya chakula cha kiwanjani, na sahani hiyo utainunua wewe mwenyewe ukiwa unasubiri.

Njia ya Ghuba ina hatari yake pia. Mwezi wa Juni 2025 anga ya Qatar ilifungwa kwa saa kadhaa kutokana na makombora ya Iran, ndege zikaelekezwa kwingine na abiria wengi wakakwama. Anayesafiri na tarehe ngumu, kwa mfano siku ya mwisho ya kujisajili chuoni, aache angalau siku mbili za akiba.

Entebbe, kwa walio karibu na mpaka

Watu wa Busia, Bungoma na Malaba wana chaguo ambalo Kisumu hatulifikirii. Mwezi wa Mei 2025 Uganda Airlines ilianzisha safari za moja kwa moja kutoka Entebbe hadi kiwanja cha Gatwick, kusini mwa London, umbali wa takriban kilomita 6,460. Kwa mtu anayekaa Busia, Entebbe iko karibu kwa barabara kuliko Nairobi, na ndege yenyewe ina kilomita chache za kuruka. Kwa mtu wa Kisumu mjini faida hiyo inapotea, kwa sababu lazima avuke mpaka, apite msongamano wa Kampala, na kama ndege si ya siku hiyo, alale huko. Isitoshe, ndege za njia hiyo hazikuwekwa za kila siku, kwa hiyo ukikosa moja, huenda ya kesho haipo. Chunguza ratiba ya wakati huo kabla hujaanza kuhesabu nauli ya matatu.

Kilomita 280 zinazoharibu safari

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaolinganisha mashirika kwa ubora wa viti na chakula. Kwa abiria wa magharibi mwa Kenya, sehemu ya safari inayoamua kama utafika salama na kwa wakati ni ile ya Kisumu hadi Nairobi. Kilomita 6,840 zina wataalamu wa kuzisimamia. Zile 280 tunajisimamia wenyewe.

Ukienda kwa ndege, jambo la kwanza ni kuangalia ndege hiyo inatua wapi. Baadhi ya ndege za Kisumu hutua Wilson badala ya Jomo Kenyatta, na kwenye tiketi tofauti hiyo ni herufi tatu tu, WIL badala ya NBO. Kati ya viwanja hivyo viwili kuna safari ya teksi ambayo alfajiri ni fupi na jioni ya Ijumaa ni mtihani. Jambo la pili ni hali ya hewa. Kila mtu wa Kisumu amewahi kuona wingu jeusi likijijenga juu ya milima ya Nandi baada ya saa nane mchana, upepo wa ziwa ukilisukuma kuelekea nyanda za juu, kisha radi ikaanza kabla ya magharibi. Ukanda huu kutoka ziwani hadi Kericho ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, na radi hizo hupenda alasiri na jioni. Kwa hiyo, hata kama ndege yako ya London inaondoka usiku wa manane, ichukue ndege ya Kisumu ya asubuhi au ya adhuhuri. Saa za ziada utazikalia Nairobi, lakini utazikalia ukiwa umeshafika.

Jambo la tatu ni tiketi mbili. Ukinunua Kisumu hadi Nairobi kwa shirika moja na Nairobi hadi London kwa shirika jingine lisilo na makubaliano nalo, hakuna anayewajibika ukikosa ya pili. Kwa tiketi moja, mwanya wa saa mbili au tatu unatosha. Kwa tiketi mbili, mimi sishuki chini ya saa tano, na kama ni msimu wa mvua za masika nampeleka msafiri Nairobi siku iliyotangulia akalale kwa jamaa. Uangalie pia uzito, kwa sababu ndege ya ndani inaweza kukuruhusu kilo chache kuliko ndege ya kimataifa, na begi lililokuwa halali kwa London likatozwa faini Kisumu.

Kwa barabara ni takriban kilomita 345, kupitia Ahero, Awasi, Kericho, Mau Summit, Salgaa, Nakuru na Naivasha, na basi huchukua saa saba au nane barabara ikiwa shwari. Tatizo ni kwamba barabara hiyo haina njia ya pembeni ya maana kati ya Mau Summit na Nakuru: lori moja likilala ukungu umetanda, msululu wa magari unafika mbali na dereva hana la kufanya. Basi la usiku linaloingia Nairobi alfajiri linafaa kwa ndege ya jioni ya siku hiyo, si kwa ndege ya asubuhi. Mtu wa Nakuru ana nafuu hapa, kwa kuwa kilomita zake ni kama 160 tu na hana haja ya kupanda ndege ya ndani kabisa. Kwake gari la kukodi linaloondoka saa tano au sita kabla ya ndege ni chaguo la busara kuliko yote. Kuhusu treni ya zamani ya Kisumu, ambayo safari zake zilifufuliwa mwaka 2021, ipande kwa starehe ya kuona Bonde la Ufa, lakini usiifungamanishe na ndege.

Saa za tiketi na saa zetu

Tiketi huandikwa kwa saa 24 na kwa saa ya mji husika. Kenya iko mbele ya Uingereza kwa saa tatu wakati wa baridi, na kwa saa mbili kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Ndege inayoondoka Nairobi 23:30 na kufika London 05:30 mwezi wa Januari inaonekana kama imeruka saa sita, kumbe ni tisa. Ukilinganisha tiketi mbili, tafuta mahali palipoandikwa muda wa safari na usitoe saa moja kwa nyingine.

Kosa kubwa zaidi tulilofanya sisi lilikuwa la tarehe. Tiketi ya mpwa wangu ilisema 00:40, tarehe 15. Sisi nyumbani tunahesabu usiku kwa namna yetu, na aliposoma saa sita na dakika arobaini usiku, tarehe 15, alielewa usiku unaofuata mchana wa tarehe 15. Alifika Jomo Kenyatta jioni ya siku hiyo, mabegi mawili, moja likiwa limefungwa kwa kamba ya katani kwa sababu zipu ilikuwa imeachia Kericho. Dada wa kwenye kaunta aliisoma tiketi mara mbili, kisha akamgeuzia skrini. "Kaka, ndege hii imeondoka leo usiku. Ulitakiwa ufike jana." Alilipa tofauti ya nauli, na akangoja siku mbili kwa binamu yake Umoja. Shirika halikuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa letu, na tangu siku hiyo kila tiketi inayopita mikononi mwangu naiandikia kwa kalamu juu yake: "usiku wa kuamkia tarehe fulani, uwe kiwanjani jioni ya tarehe fulani." Lugha yetu ina maneno sahihi kabisa ya jambo hili.

Safari ya kurudi

Watu hulinganisha ya kwenda na kusahau ya kurudi, ilhali kwa mtu wa Kisumu hizi mbili si sawa. Ndege ya mchana kutoka London hutua Nairobi usiku, wakati ndege za Kisumu zimekwisha, na hapo unalipa chumba au unampigia jamaa simu usiku. Ndege ya jioni kutoka London hutua asubuhi, na mchana wa siku hiyohiyo unaweza kuwa Kondele ukila samaki. Kwa hiyo, kati ya tiketi mbili za bei inayokaribiana, namchagulia msafiri ile inayorudi asubuhi, hata kama ya kwenda haina uzuri wowote wa pekee. Njia za Ghuba zina ratiba nyingi zaidi, kwa hiyo ukitafuta kwa subira utapata inayotua Nairobi asubuhi au mchana.

Nani apite wapi

Mzee, mama mjamzito, mtu anayesafiri na mtoto mchanga, au anayepanda ndege kwa mara ya kwanza na Kiingereza chake ni cha kubahatisha, ningempitisha njia ya moja kwa moja kwa tiketi moja kutoka Kisumu, hata kama ni ghali. Aombewe kiti cha magurudumu wakati wa kununua tiketi; huduma hiyo haitozwi, na anayemsukuma ndiye pia anayemwongoza kwenye foleni. Mwanafunzi mwenye mizigo na muda, Ghuba inamfaa. Mfanyabiashara anayelipiwa na kampuni na anayetaka kuwahi mkutano achukue ya moja kwa moja ya usiku, na ikijaa, Addis yenye kusubiri kufupi. Mwenye matatizo ya mzunguko wa damu azungumze na daktari wake kwanza, kisha aitazame Istanbul. Wa Busia aulize Entebbe.

Mpwa wangu alipita Doha, baada ya ile hasara ya tarehe, na mabegi yake mawili yakafika salama pamoja na ile kamba. Mama alipanda ndege ya saa nne asubuhi kutoka Kisumu, akakaa Nairobi hadi usiku akiwa na chupa yake ya chai, pasipoti ameifunga kwenye leso ndani ya mkoba. Kiti tulimchagulia cha ujiani, ili asimwamshe mtu kila anapotaka kunyoosha magoti. Alipopiga simu kutoka kwa dada yangu, hakuzungumzia saa tisa za angani hata kidogo. Alitaka kujua kama ile tiketi ya kurudi ni ya kutua asubuhi, kwa sababu kulala Nairobi hakutaki.